Neno, Mdundo na Mwimbaji: Tathmini ya Vitabu kuhusu Muziki wa Wakamba

Uhakiki wa nyimbo za Wakamba umeegemea vitabu vichache, na kila kimoja kimeacha athari katika namna nyimbo hizo zinavyosomwa. Hoja ya makala haya ni kwamba vitabu hivyo vimegawana wimbo vipande vipande: kimoja kimechukua neno, kingine mdundo, kingine mwimbaji. Msomaji anayetegemea kipande kimoja huishia kutoa hukumu isiyo ya haki.

Gerhard Lindblom, mwanaethnografia wa Uswidi, alichapisha juzuu zake tatu za fasihi simulizi ya Wakamba kati ya 1928 na 1935. Humo nyimbo zimewekwa pamoja na vitendawili na methali, yaani kama maneno. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alifuata mwaka 1966 na mkusanyiko wake wa hadithi, *Akamba Stories*. Thamani ya kazi hizi haina shaka. Hata hivyo, ziliwazoesha wasomaji kuutafuta usanaa katika maandishi peke yake.

Madhara yake huonekana katika kilumi, ngoma ya Kitui na Makueni inayohusishwa na pepo na maombi ya mvua. Maneno yake yakiandikwa karatasini, msomaji huona kifungu kifupi kinachorudiwa tena na tena, akahitimisha kwamba utungo ni duni. Uwanjani mambo ni tofauti. Takriri hiyo ndiyo inayompa mpiga ngoma nafasi ya kubadili mapigo, na mchezaji nafasi ya kuitikia kwa mwili. Linalorudiwa ni neno. Maana inasonga mbele.

Paul Kavyu aliliona jambo hili. Katika *An Introduction to Kamba Music* (1977), na hasa katika *Drum Music of Akamba* (1986), aliipa ngoma hadhi ya kuchunguzwa kwa ajili yake yenyewe. Upungufu ni kwamba noti za muziki humtaka msomaji aliyefunzwa, na walimu wengi wa fasihi hawakupata mafunzo hayo. Hivyo vitabu vilivyofaa kusahihisha uhakiki wa fasihi vilibaki katika rafu za muziki.

Gitaa nalo lilisubiri zaidi. Kakai Kilonzo, kiongozi wa Kilimambogo Brothers, alifariki mwaka 1987 akiwa ameacha nyimbo za benga kwa Kikamba na Kiswahili. *Shades of Benga* (2017), cha Tabu Osusa na wenzake, kimewarejeshea wanamuziki wa Kenya majina na historia yao. Lakini historia ya mwimbaji si uhakiki wa wimbo. Katika benga, sauti ya mtu hunyamaza na magitaa yakashika usukani, kama ngoma inavyofanya katika kilumi. Uhusiano huo bado unadai kuchambuliwa kwa kina.

Jambo hili si geni kwingineko. Nchini Marekani, Robert Walser alionyesha mwaka 1993, katika kitabu chake kuhusu muziki wa hevi metali, kwamba wahakiki waliosoma maneno tu waliupotosha muziki ambao maana yake imo pia katika mlio wa gitaa.

Kwa kumalizia, vitabu hivi havina budi kusomwa kwa pamoja, tena mbele ya ngoma yenyewe, maadamu wapo wanaojua kuipiga.