Juu ya Therigatha, Kitabu cha Walimu Wanawake wa Kibuddha

Wako wasemao ya kuwa dini ya Buddha humweka mwanamke sawa na mwanamume, na wako wasemao kinyume chake. Aghalabu hukumu zote mbili hutolewa na watu wasiokifungua kitabu kinachoweza kushuhudia neno hili kuliko vingine. Kitabu hicho ni Therigatha, sehemu ya maandiko matakatifu ya Kipali. Ndani yake mna mashairi 73, nayo husemwa kuwa ya watawa wanawake wa zamani, wengi wao wa siku za Buddha mwenyewe.

Twaanza na jina, maana lina ugumu wake. Katika Kipali mtawa mzee mwanamume huitwa thera, na mwanamke theri. Gatha ni ubeti. Kiswahili hakina tofauti ya namna hiyo: mzee ni mzee, mwalimu ni mwalimu, awe mume au mke. Basi tukisema "Beti za Wazee" tu, tumekwisha kukipoteza kiini cha kitabu. Yatupasa kusema "Beti za Watawa Wazee Wanawake". Bibi Caroline Rhys Davids, aliyekifasiri kwa Kiingereza mwaka 1909, aliyaita mashairi haya zaburi. Twaishukuru kazi yake, walakini jina hilo hatulikubali. Zaburi humwelekea Mungu kwa sifa na maombi. Wanawake hawa hueleza jinsi mioyo yao wenyewe ilivyofunguliwa vifungo.

Tena Bibi huyo aliweka pamoja na mashairi hadithi za mfafanuzi Dhammapala, aliyeishi karne nyingi baada ya watawa hao. Hadithi ni nzuri, lakini si mashairi. Habari ya Kisagotami, aliyetumwa kutafuta punje za haradali katika nyumba isiyopata kufiwa, yajulikana sana. Lakini haimo katika shairi lake. Mwalimu na aisimulie, ila aseme imetoka wapi.

Uzuri wa kitabu ni kwamba wanawake husema kwa vinywa vyao. Ambapali, aliyekuwa kahaba maarufu, autazama mwili wake uliozeeka, kiungo kwa kiungo, wala hajionei haya. Soma aambiwa na Mara, yule mjaribu, ya kuwa akili ya mwanamke haitoshi kufika wanakofika wenye hekima. Naye amjibu kwamba moyo uliotulia hauzuiwi na uanamke. Zaidi ya hayo, liko shairi la watawa thelathini wanaoeleza jinsi walivyofundishwa na Patacara, wakaketi, wakatafakari, wakapata nuru. Hapo ualimu wa mwanamke washuhudiwa na wanafunzi wake. Na katika sehemu nyingine ya maandiko hayo, Dhammadinna ajibu maswali mazito ya Visakha, ambaye wafafanuzi wasema alikuwa mumewe. Naye Buddha akasema angalijibu vivyo hivyo.

Lakini msomaji asiishie hapo. Vitabu vya sheria za utawa vyaeleza kwamba Mahapajapati, mama mlezi wa Buddha, alipoomba kuingia utawani alikataliwa mara tatu, hata Ananda akamwombea. Akapokewa kwa kanuni nane. Kwa kanuni ya kwanza, mtawa mwanamke aliyekaa utawani miaka 100 humsujudia mwanamume aliyepokewa siku ile ile. Nyingine yaagiza mwanamke apokewe na pande zote mbili, watawa wanaume na watawa wanawake. Wako wataalamu wasemao kwamba kanuni hizi ziliongezwa baadaye. Hata hivyo ndizo zilizotawala.

Matokeo yake yaonekana Sri Lanka. Utawa wa wanawake uliletwa huko na Sanghamitta, binti wa mfalme Ashoka, katika karne ya 3 K.K. Karibu na karne ya 11 utawa wa wanaume na wa wanawake ulififia kwa vita. Wa wanaume ulifufuliwa kwa watawa waliotoka Burma; wa wanawake ukaachwa. Kisha ikasemwa kwamba hauwezi kurudi, kwa kuwa hapana tena watawa wanawake wa kuwapokea wapya. Walakini katika karne ya 5 watawa wanawake wa kisiwa hicho walikuwa wameupeleka utaratibu wao Uchina. Mwaka 1996 huko Sarnath wanawake wa Sri Lanka walipokewa kwa msaada wa Wakorea, na mwaka 1998 huko Bodh Gaya wengine kwa msaada wa Wachina. Thailand amri ya mwaka 1928 iliwakataza watawa wanaume kuwapokea wanawake. Kwa hiyo Dhammananda, aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu, alikwenda kupokewa Sri Lanka mwaka 2003.

Hukumu yetu ni hii. Therigatha yathibitisha kwamba mwanamke alifundisha na neno lake likahifadhiwa kuwa andiko. Haithibitishi usawa, kwa kuwa usawa haupimwi kwa sifa wapewazo walimu waliokwisha kufa, bali kwa uwezo wa walio hai kuwaweka wengine mahali pao. Mwalimu asiyeruhusiwa kumweka mrithi, kazi yake hufa pamoja naye. Kabla hatujawahukumu Wabuddha kwa kipimo hicho, na tuanze kukitumia katika shule na makanisa yetu.