Jiwe Lisilo na Jina

Wapendwa, kila mwaka tarehe 21 Mei watu hukusanyika Igoma, hapa jijini Mwanza, kwenye makaburi ya waliokufa katika ajali ya meli ya MV Bukoba. Viongozi wa dini huomba, mashada ya maua huwekwa, kisha tunapanda daladala na kurudi mjini. Nimekwenda pale mara nyingi, kwanza nikiwa kijana wa familia iliyofiwa, baadaye nikiwa mchungaji. Kwa miaka mingi nilipaona kuwa mahali pa kulia tu. Siku hizi napaona pia kuwa mahali panapohubiri, na mahubiri yoyote, hata yale ya saruji, yapasa kupimwa.

Wapo wanaodhani kuwa sisi Walutheri hatujali makaburi. Sivyo. Mwaka 1527, alipoandika juu ya tauni, Martin Luther alilalamikia makaburi ya mji wake wa Wittenberg, ambako watu na mifugo walipita ovyo. Alitaka pawe mahali patulivu, ambapo anayepita atatafakari kifo, hukumu na ufufuo, na hakuona vibaya kuta zake kuchorwa picha za kumcha Mungu. Mwaka 1542, katika dibaji ya kitabu cha nyimbo za mazishi, alishauri makaburi yaandikwe maneno ya Maandiko. Basi swali si kama tuweke alama kaburini au tusiweke. Swali ni hili: alama hiyo inamwambia nini aliye hai?

Biblia inatupa mifano miwili. Yakobo alisimamisha nguzo juu ya kaburi la Raheli aliyefia njiani (Mwanzo 35:20). Ni nguzo ya mume aliyefiwa, kwa ajili ya mwingine. Absalomu naye alijijengea nguzo angali hai, kwa kuwa hakuwa na mwana wa kulikumbusha jina lake (2 Samweli 18:18). Mwisho wake alitupwa shimoni msituni na kufunikwa kwa chungu ya mawe. Nguzo ilikuwa upande mmoja, mwenyewe upande mwingine.

Nilimkumbuka Absalomu nilipotembelea magofu ya Kaole, karibu na Bagamoyo. Pale yapo makaburi ya kale ya Waislamu wa pwani, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe, na juu ya baadhi yake zimesimama nguzo ndefu. Mafundi wa pwani walikuwa na desturi ya kupachika bakuli na sahani za kutoka China kwenye makaburi ya namna hiyo. Ni kazi nzuri kweli, na sijaona kaburi la Kikristo huku kwetu lililojengwa kwa ustadi ule. Lakini bakuli zimeondoka, na wengi wa waliolala pale hawajulikani tena kwa majina. Nguzo imedumu kuliko jina ililojengewa. Sisemi hayo kuwadharau waliojenga. Nasema ili tujue kuwa jiwe, hata likiwa refu, halina uwezo wa kumtunza mtu.

Somo hilo linatuhusu. Katika sharika zetu, kujengea kaburi kumekuwa mashindano. Marumaru zinawekwa, picha ya marehemu inapachikwa, na mwisho vinajengwa vibanda vyenye paa na uzio wa vyuma. Niliwahi kubariki kaburi la namna hiyo, nikala pilau, nikasifu upendo wa watoto kwa baba yao. Miezi michache baadaye mjane alinijia ofisini akilia, kwa sababu marumaru zilinunuliwa kwa mkopo na sasa wakopeshaji walitaka shamba. Nilijilaumu. Nilisimama mbele ya jiwe lile nisiulize linahubiri nini, wala nani atalipia mahubiri hayo.

Sasa turudi Igoma. Hapa hakuna mashindano. Wengi waliozikwa pale hawakutambuliwa, wakazikwa kwa pamoja. Ukipita kati ya makaburi unakosa kile ambacho macho hutafuta kwanza kwenye kaburi lolote, yaani jina. Zamani nilidhani jambo hilo ni msiba wa maji tu: miili iliharibika, ndugu walichelewa, basi. Siku hizi nafikiri tofauti. MV Bukoba, ikitoka Bukoba kuja Mwanza, ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Orodha iliyokuwepo ilikuwa ya daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu, walimojaa wachuuzi, wanafunzi na akina mama wenye mikungu ya ndizi, halikuwa na orodha. Ndiyo maana hadi leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa makadirio: wapo wanaosema mia nane, wapo wanaosema karibu mia tisa. Ukimya wa jiwe la Igoma haukuanzia makaburini. Ulianzia gatini, pale mtu maskini alipopanda meli na hakuna aliyeona haja ya kumwuliza anaitwa nani.

Mama yangu mdogo alikuwa daraja la tatu. Hakuwa na mtoto, na mwili wake haukupatikana. Bibi aliamuru jina lake liandikwe kwenye bamba dogo la saruji, likawekwa shambani kando ya kaburi la babu, na chini yake hapana kitu. Mzee mmoja wa kanisa alipinga, akasema kuomba penye kaburi tupu ni upagani. Bibi alimjibu kwamba yeye haombi chochote kwa saruji, ila anakataa mtoto wake apotee mara mbili.

Nimeyafikiria maneno hayo kuliko mengi niliyoyasoma chuoni. Jirani zetu Wajaluo, huko Rorya na ng'ambo ya mpaka nchini Kenya, wana desturi ya kuzika tunda la mwegea pale mwili wa mtu usipopatikana. Mchungaji anaweza kuikemea desturi hiyo haraka. Mimi ningeanza kwa kuuliza inatafuta nini, na nadhani inatafuta kitu kile kile alichokitafuta bibi: kwamba aliyepotea ahesabiwe kati ya watu wake. Tunachopaswa kuongeza juu ya tunda na juu ya bamba ni Injili. Ufunuo 20:13 inasema bahari itawatoa wafu waliomo ndani yake. Na katika Isaya 56:5 Mungu anaahidi kuwapa wasio na watoto jina la kudumu nyumbani mwake. Kile ambacho Absalomu alikitafuta kwa nguzo, mama mdogo amekipewa bure.

Lakini ahadi hiyo isitufanye tulale. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa ni zaidi ya mia mbili. Tukachimba tena makaburi ya pamoja, tukazika tena wasiotambuliwa, miaka 22 baada ya Igoma. Hapo ndipo ninapokosoa, na ninajikosoa mimi kwanza. Igoma ilikuwa imetuhubiria miaka yote hiyo, nasi tukaijibu kwa mashada ya maua. Tulifanya jiwe la onyo kuwa jiwe la sherehe. Yesu aliwakemea waliopamba makaburi ya manabii huku wakiifuata njia ya waliowaua (Mathayo 23:29-31), na siwezi kusoma mistari hiyo bila kuwaza gati zetu.

Basi, wapendwa, kabla ya kununua marumaru, tukae na mjane na kumwuliza atakula nini. Kwenye bamba tuandike jina na neno la ufufuo, yanatosha. Na tukifika gatini, tudai jina letu liandikwe, na la mama aliyebeba ndizi nyuma yetu pia. Kivuko kikijaa, tushuke, hata kama tutachelewa ibada. Mungu anawajua kwa majina waliolala Igoma. Sisi tulioachwa hai ndio tunaodaiwa kujuana kabla ya safari.