Pumba, Moto na Kuku: Udongo wa Bustani Unavyotengenezwa Ifakara

Kila kilo 100 za mpunga zinazoingia mashineni huacha takriban kilo 20 za pumba ngumu, yale maganda yenyewe. Pumba laini zina wenyewe, zinakwenda kwa nguruwe na kuku. Hizi ngumu hurundikwa nyuma ya mashine. Wachoma matofali huchukua sehemu, na zinazobaki hushika moto na kufuka siku nyingi, majirani wakikohoa. Kwa mwenye bustani uani hiyo ni mali ya bure, na wengi wameijaribu kwa njia nyepesi kuliko zote: jaza toroli, mwaga juu ya tuta, changanya kwa jembe, panda mchicha. Mchicha huo huota wa njano, ukadumaa, na lawama zikamwendea muuza mbegu.

Mbegu haina kosa. Pumba kavu zina kaboni takriban asilimia 40 na naitrojeni isiyofika hata nusu asilimia. Kwa maneno mengine, kila sehemu moja ya naitrojeni imezungukwa na karibu 100 za kaboni. Vijidudu vinavyoozesha takataka hufanya kazi vizuri uwiano ukiwa kati ya 25 na 30 kwa 1. Vikipewa chakula chenye kaboni tupu, naitrojeni inayopungua huichota udongoni, na mchicha unabaki mikono mitupu. Kuna na silika. Ukiunguza pumba hadi zikawa majivu, unabaki na asilimia 15 hadi 20 ya uzito, na majivu hayo karibu yote ni silika. Mpunga huifyonza ardhini na kuijengea ganda lake kinga, ndiyo maana ganda lililofukiwa leo utalikuta bado ganda baada ya miezi kadhaa.

Kwa hiyo pumba zisiende bustanini moja kwa moja. Zipite kwanza katika banda la kuku, au zipite motoni, na ikiwezekana nusu zipite huku na nusu kule.

Kabla ya kufika huko, kuna imani moja ya kuondoa njiani: kwamba bondeni hakuna haja ya haya yote kwa kuwa udongo umeshiba. Bonde la Kilombero, ulimo mji wa Ifakara, limelala kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, na mafuriko ya masika huleta tope jipya katika uwanda wa chini, ule ulioingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Lakini nyumba hujengwa, kwa busara, mahali ambapo maji hayafiki kila mwaka. Bustani ya uani haipati tope hilo. Inapata mvua tu, na mvua kubwa huzamisha naitrojeni chini ya mizizi.

Hata mashambani kwenyewe, tope halitoshi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn cha Ujerumani na wenzao walijaribu samadi na fiwi iliyooteshwa kisha ikafukiwa, katika mpunga unaotegemea mvua karibu na Ifakara. Matokeo waliyochapisha mwaka 2020 yalionyesha mavuno kupanda juu ya yale ya shamba lisilopewa kitu. Kama uwanda wa mafuriko unaitikia samadi namna hiyo, tuta la nyuma ya jiko lina sababu zaidi ya kuitikia.

Tuanze na banda. Pumba ngumu ni matandiko mazuri ya kuku: zinakauka upesi, hazigandamani, hazina vumbi kama la maranda. Tandaza unene wa sentimita 5 hadi 10, kisha waachie kuku kazi. Kwa majuma matano au sita ya kufuga kuku wa nyama, kinyesi huingia katika maganda, na kucha za kuku huyachanganya kuliko jembe lolote. Kinachotolewa hapo si pumba tena. Harufu kali ya amonia inayowasha macho ni naitrojeni inayopaa, kwa hiyo ukiisikia ongeza pumba kavu au mkaa wa pumba, na usingoje. Matandiko yaliyolowa yatoke siku hiyohiyo, maana ni makao ya koksidiosisi na yatakuharibia kuku kabla hujapata mbolea.

Asiyefuga, akinunua kinyesi cha kuku kikavu, atafanya hesabu mwenyewe, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa kwa kupima kwa debe. Kwa uzito, kilo 2 za pumba kwa kilo 1 ya kinyesi kikavu hutoa uwiano wa karibu 29 kwa 1, mahali penyewe hasa. Lakini debe la pumba lina kilo 2 tu au pungufu, na debe la kinyesi lina kilo nyingi zaidi. Anayechanganya debe kwa debe atapata lundo linalonuka na kupoteza naitrojeni hewani. Anayechanganya madebe tisa kwa moja atapata uwiano mzuri wa kwenye karatasi, ila silika haisomi karatasi: kaboni ya ganda hutoka polepole mno. Mimi ningesimama kwenye madebe manne au matano ya pumba kwa moja la kinyesi, kisha nikaongeza majani mabichi.

Sasa moto. Wajapani huita mkaa wa pumba kuntan, na kifaa chake fundi bati yeyote wa mjini anaweza kukitengeneza: debe tupu lililotobolewa matundu pande zote, juu yake bomba la bati la urefu wa mita moja. Washa moto wa kuni ndogo, ufunike kwa debe hilo, kisha rundika pumba kulizunguka mpaka bomba tu lionekane. Moshi unapanda bombani, joto linasambaa kwenye rundo, na baada ya muda madoa meusi yanajitokeza juu. Hapo geuza kwa koleo, za nje ziende ndani. Rundo lote likiwa jeusi, tandaza na umwagie maji mengi bila huruma, kwani cheche moja iliyojificha huamka usiku. Ukichelewa, weusi hugeuka kijivu. Majivu yana matumizi yake, lakini kaboni yote imekwenda.

Mkaa huu ni mwepesi na wenye vinyweleo, unashika maji na virutubisho. Lakini ukiwa mpya ni mtupu, nao huanza kwa kujishibisha, na chakula unachojishibisha nacho ni kile cha mmea. Uloweke majuma mawili katika mkojo wa ng'ombe au maji ya samadi, au uchanganye kwenye lundo la mboji tangu mwanzo, sehemu moja kwa kumi. Njia ya pili ndiyo naipendelea, kwa sababu mkaa ndani ya lundo hupunguza amonia inayopotea.

Samadi ya ng'ombe si ya kuokota kila mahali hapa. Mwaka 2012 Serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo bondeni ili kulinda ardhioevu, na mjadala wa wafugaji na wakulima haujaisha hadi leo. Aliyekosa samadi ana marejea, mmea wa mbolea ya kijani ambao Padri Gerold Rupper wa Peramiho aliuhubiri kwa wakulima wa kusini miaka ya 1980, na ana fiwi. Vikatwe vinapoanza kuchanua, vikiwa bado laini. Majani ya mpunga nayo yasichomwe: robo tatu na zaidi ya potasiamu iliyofyonzwa na mpunga imebaki humo, na nyanya huihitaji sana. Kwa fosforasi kuna unga wa mwamba wa Minjingu, ule uliotokana na vinyesi vya ndege na mifupa ya samaki katika ziwa la kale jirani na Manyara. Huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali, na kopo moja ndani ya lundo linatosha bustani ndogo.

Vitabu vingi vya kilimo hufundisha kuchimba shimo la mboji. Kwa Ifakara sikubali. Wakati wa masika maji ya ardhini yako juu, shimo linajaa, hewa inakwisha, na unachopata ni uvundo. Isitoshe, maji machafu yaliyotuama ndiyo kitalu cha mbu wa Culex, na mji huu, uliokuwa na maabara ya utafiti wa magonjwa ya kitropiki tangu 1957, hauna haja ya kufundishwa habari za mbu. Jenga lundo juu ya ardhi. Chini weka mabua ya mahindi ili hewa ipite, kisha tabaka za matandiko ya kuku, majani mabichi, majani ya mpunga na mkaa, hadi kimo cha mita moja na robo. Maji yawe kiasi cha kwamba konzi ukiikamua inatoa tone moja au mawili. Funika kwa majani ya mgomba, na masika kwa turubai.

Ndani ya siku chache joto lipande hadi nyuzi 55 au 60. Chomeka fimbo ya chuma, iache dakika kumi, uishike: ikikushinda kuishika, lundo linafanya kazi na mbegu za magugu zinakufa. Geuza kila juma kwa mwezi wa kwanza. Likipoa kabla ya hapo, limepungukiwa majani mabichi au maji.

Baada ya miezi mitatu maganda machache bado yataonekana. Yaache, yatasaidia kupitisha hewa kwenye udongo mfinyanzi. Kipimo ni harufu ya udongo wa msituni na lundo lisilopata joto tena hata likigeuzwa. Weka kilo 3 hivi kwa kila mita moja ya mraba, changanya kina cha jembe moja, na tuta liinuliwe sentimita 20 ili masika yasilizamishe.

Mashine hukoboa sana baada ya mavuno, kuanzia Juni, pumba zikiwa kavu na hazina mgombea. Lundo la Juni linaiva Septemba, wakati wa kupanda nyanya za kumwagilia. Mkaa unaobaki tia kwenye viroba, funga, weka chini ya paa, kwa ajili ya kuku wanaofuata.