Maswali ya Lawino Ambayo Ocol Hakuyajibu

Kila mara wanafunzi wetu wanapofika kwenye Wimbo wa Lawino, jibu huja likiwa limekwishapikwa: Lawino ni mila, Ocol ni uzungu, na mwandishi yuko upande wa mila. Ukiuliza dhamira, unatajiwa tano. Ukiuliza zimepatikana wapi, unaonyeshwa noti za waliotangulia. Usomaji huo si wa uongo, ila kwa maoni yangu unaliacha nje jambo zito kuliko yote katika shairi hili.

Okot p'Bitek alilichapisha kwa Kiingereza mwaka 1966. Kiacholi, lugha alimolitungia kwanza, kilifuata mwaka 1969, na tafsiri ya Kiswahili ya Paul Sozigwa ikatoka mwaka 1975. Mwandishi mwenyewe hakuikimbia shule. Alisoma Gulu, akapita Budo, akafika hadi Oxford. Kwa hiyo tusidhani anawaambia vijana wachome vitabu.

Kiini nakiona katika sehemu za mafundisho ya dini. Lawino aliwahi kuingia darasa la katekisimu. Alichokikuta ni watu wanaokariri kwa sauti maneno yasiyo na maana masikioni mwao, na mwalimu anayechukia kuulizwa. Akatoka. Maswali yale akampelekea mumewe: Muumba naye aliumbwa na nani? Udongo wa kufinyangia aliuchimba wapi, ikiwa ardhi ilikuwa bado haijakuwapo? Haya si maswali ya kijinga. Wanafalsafa wameyahangaikia kwa karne nyingi. Lakini Ocol, mtu wa Makerere, anajiona amevunjiwa heshima. Hawezi, asema, kujadiliana na mtu asiyekwenda shule.

Shule imempa Ocol majibu, cheo na nyumba iliyojaa vitabu. Haikumpa uvumilivu wa kukaa na swali la mkewe. Hata katika siasa ni vivyo hivyo: yeye ni kiongozi wa DP, ndugu yake yuko Congress, na uhuru ambao wote wawili wanauhubiri umewafanya wachukiane. Lawino ndiye anayeuliza umoja waliouahidi uko wapi.

Sisi walimu wa sarufi tunalo la kusaidia hapa. Twawafundisha wanafunzi tofauti ya kuelimishwa na kuelimika, kisha twaiacha ubaoni. Kauli ya kutendwa yasema kuna aliyefanya kazi juu yako; kauli ya kutendeka yasema kazi hiyo imeshika. Mlango waweza kusukumwa mchana kutwa usisukumike. Mtu naye aweza kuelimishwa miaka 16 asielimike, na Kiswahili hakioni kinzano lolote katika sentensi hiyo.

Simfanyi Lawino malaika. Matusi anayomporomoshea Clementine ni makali mno, na mengine hayana haki. Wivu unasema pale, si hekima. Lakini tazameni ni mara ngapi anakiri asichokijua: hajui kusoma saa, hajui kutumia jiko la kizungu. Baada ya kukiri, anaeleza anachokijua, yaani majira, vyakula na namna ya kuvihifadhi, kwa undani ambao Ocol hana. Ocol hakiri lolote. Katika Wimbo wa Ocol wa mwaka 1970 alipata nafasi yake ya kujibu, naye akaanza kwa kumnyamazisha mkewe na kumwamuru afungashe vitu vyake. Swali la udongo likabaki palepale.

Ndiyo maana naona aibu kidogo tunapolitahini shairi hili kwa swali la "fafanua dhamira tano". Twamfundisha Lawino kwa mbinu za yule mwalimu wa katekisimu. Napendekeza kwa wenzangu wa idara kwamba katika muhula ujao mwanafunzi atakiwe kuandika maswali matatu ambayo shairi halikumjibu, na aeleze kwa nini yanamsumbua. Najua yatakuwa magumu kusahihisha, na kuhusu namna ya kuyapa alama tutabishana kikaoni.