Bahati, Nasibu na Uwezekano: Maneno Yasichanganywe

Katika rasimu moja ya tafsiri iliyotufikia, michezo ya kwenye simu na kompyuta ambamo madubwana hupambanishwa imeitwa "michezo ya bahati". Kuhusu dubwana hatuna ugomvi na mfasiri. Limefaa kuliko zimwi, kwa kuwa zimwi la hadithi zetu hula watu wala halifugwi. Ugomvi wetu ni juu ya bahati. Neno hilo moja limebebeshwa mambo matatu: tokeo lisilopangwa na mtu, kipimo cha kutokea kwake, na neema ya aliyeshinda.

Mwandishi wa makala haya alipokuwa Chanzuru, wilayani Kilosa, aliwakuta wazee wakicheza bao, na kando yao vijana wawili wakishindana kwa simu. Kijana aliyeshindwa alilalamika, "Kanishinda kwa bahati tu." Mzee mmoja akamjibu bila kuinua macho, "Huku kwetu neno hilo halipo, mwanangu."

Mzee alisema kweli. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Halina dadu wala karata ya kuficha. Anayenamua vibaya hana wa kumlaumu. Lakini je, mchezo wa kijana ni wa bahati tu?

Tuchukue Pokémon, mchezo uliotoka Japani mwaka 1996. Mchezaji huunda kikosi cha madubwana wasiozidi sita. Katika hali ya kawaida, pigo liitwalo Thunder lina shabaha ya 70 kwa 100. Thunderbolt lina nguvu pungufu, lakini shabaha yake ni 100 kwa 100. Anayepiga Thunder mara mbili ana uwezekano wa 9 katika 100 wa kukosa zote mbili. Akikosa, hulia bahati mbaya. Lakini pigo kalichagua nani? Mwenzake aliye mjuzi huleta kwanza dubwana wa kunyesha mvua, kwa kuwa mvuani Thunder hupata shabaha bila kubahatisha. Huyo hakubahatika, amepunguza nasibu kwa mkakati.

Kwa hiyo twapendekeza hivi. Mkakati uwe mpango wa pambano zima, kama vile kuchagua kikosi. Mbinu iwe uamuzi wa zamu moja. Nasibu iwe tokeo lisiloamuliwa na mchezaji. Uwezekano uwe kipimo chake kwa tarakimu. Bahati ibaki ilipo katika usemi wa watu: hisia ya aliyepata au aliyekosa. Huenda mchanganyiko huu umechochewa na jina bahati nasibu, lililofunga maneno mawili kitanzi kimoja. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ilichagua vema zaidi, kwani kubahatisha ni kitendo, na kitendo kina mtendaji.

Jambo hili si la wacheza simu peke yao. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba uwezekano ni bahati atadhani kuwa hasara ya leo inamdai kesho imlipe. Kwa dhana hiyo hiyo vijana wengi hurudi kubeti mpaka mfuko ukauka. Mwalimu wa hisabati hawezi kuing'oa dhana hiyo ikiwa istilahi yenyewe ndiyo inayoipanda. Wafasiri na walimu, basi, tusiwe wa kwanza kuwapa vijana neno la kujidanganyia.