Shujaa wa Kike Asiye na Jembe

Hadithi za mapenzi wanazosoma vijana wetu, kuanzia stendi ya Moshi hadi Kahe, pale reli ya Tanga inapokutana na ile ya Voi, zina msichana mmoja tu, ingawa kila mwandishi humpa jina jipya. Ni mzuri wa sura, hutoka kijijini, hulaghaiwa mjini na mwenye gari, kisha hufa au hurudi kwao amedhalilika. Wengi huuliza kama hadithi hizo ni chafu. Sisi tunauliza: msichana huyu anakula nini, na nani amekilima?

Azimio la Arusha la 1967 lilikwisha kueleza kwamba mwanamke wa kijijini hufanya kazi pengine saa 12 au 14 kwa siku. Wasomaji wa Kahe hawahitaji kuelezwa: wanawaona mama zao katika mahindi na mpunga. Huko juu mlimani, migomba na maharage vilikuwa kazi ya mama, na fedha za kahawa zikaingia mfukoni mwa baba. Riwaya pendwa haioni haya. Shujaa wake hazalishi mali. Yeye mwenyewe ndiye bidhaa, na ugomvi wote ni juu ya bei. (Tusijifanye watakatifu: hata sisi tumezisoma ndani ya basi.)

Wapo wanaoilaumu Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka 1971 na kupigwa marufuku shuleni kwa muda, kuwa ndiyo mama wa hadithi hizi. Hilo ni kosa. Rosa anaanguka, lakini kabla ya hapo tunaonyeshwa Zakaria, baba mlevi anayempiga binti kwa ajili ya barua ya mvulana. Waigaji walichukua anguko na kifo, Zakaria wakamwacha nje. Sababu ikiondolewa, hubaki adhabu. Said Ahmed Mohamed katika Utengano (1980) alikwenda mbele zaidi: Maimuna, aliyefungiwa nyumbani na Maksuudi, anaanguka, kisha anainuka.

Makada wanaodai kwamba ukombozi wa mwanamke ni fikra za kigeni waisome hukumu ya Mahakama yetu ya Rufani ya 1983, Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Majaji walikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Mahakama imekwisha kuingia jikoni. Mtunzi wa hadithi za mapenzi bado yuko sebuleni, anasifu macho.