Sifa za Fundi wa Kuchipi

Mpelekee fundi anayejua kazi PlayStation 2, utaona hakimbilii kuiwasha. Kwanza ataigeuza kifudifudi, afute vumbi kwa kidole gumba, asome namba iliyobandikwa chini: herufi SCPH, kisha tarakimu tano. Anayoitafuta ni ile ya mwisho. Ikiwa 0, mashine iliundwa kwa soko la Japani; 1 ni Marekani, 3 ni Uingereza, 4 ni nchi nyingine za Ulaya. Kwa tarakimu hiyo moja ameshajua mashine inataka umeme gani, itatoa picha ya mfumo gani na diski zipi itazitema. Mwenye mashine hajui hata moja ya hayo. Yeye amedunduliza, amenunua, ameweka gemu ya mpira, na kioo kimegeuka chekundu na maneno ya Kiingereza yanayomtaka aweke diski nyingine.

Nataka kuisifu kazi ya fundi huyo. Wapo wanaoihesabu kuwa ujanja wa mjini, kitu kinachofanywa nyuma ya duka la simu na kuachwa huko huko. Mimi naihesabu miongoni mwa kazi bora za mikono zilizofika vijijini kwetu katika miaka hii thelathini, kwa sababu inamtaka mtu aielewe mashine ya wengine hadi ajue ni kitu gani kidogo kabisa kinachotosha kuibadilisha.

Huku Kerende, kwenye vijiji vya Nyamongo vinavyouzunguka mgodi wa North Mara, mashine hizi zilikuja kwa njia zote. Mgodi ulianza uzalishaji mwaka 2002, PS2 ikiwa na miaka miwili tangu itoke Japani, na pamoja na mgodi wakaja watu wa kila mkoa na hela za kila aina. Kuna mashine zilizoshuka Kariakoo zikapanda basi hadi Tarime, kuna zilizovuka Sirari zikitokea Kenya, kuna zilizorudi kwenye begi la mtu aliyekwenda kutafuta maisha Uarabuni. Nyingi zilikuwa za mtumba. Hakuna aliyeuliza zilitengenezwa kwa ajili ya nani. Zikaishia meza moja, mbele ya televisheni moja ya chogo, kila moja na kufuli la nchi yake.

Maana waliochora ramani ya mauzo waliigawa dunia mafungu: Japani, Marekani, Ulaya. Afrika ilitiwa kwenye fungu la Ulaya, kwenye makaratasi. Dukani Tarime hapakuwa na diski halisi ya fungu lolote. Wakurya wanaelewa habari ya mistari inayochorwa na watu wa mbali. Wako Tarime na wako ng'ambo ya Isebania, ukoo mmoja, na mpaka wa Mjerumani na Mwingereza ukapita katikati. Kufuli la diski ni mpaka wa namna hiyo, ila huu umefichwa ndani ya plastiki.

Umeme ndio mtihani wa kwanza. PS2 nene za Japani zilitaka volti 100, za Marekani 120. Wetu ni 230, na kijijini hupanda na kushuka utakavyo. Ukichomeka bila transfoma ya kushusha unasikia mlio mfupi, kisha harufu, na mashine imekwisha kabla hujaona picha. Ukivuka hapo unakutana na televisheni. Chogo zetu zilifuata mfumo wa PAL, mistari 625. Diski za Japani na Marekani hutoa NTSC, mistari 525. Chogo isiyoujua mfumo huo inakuonyesha uwanja mzima kwa rangi nyeusi na nyeupe, picha ikipanda juu bila kutulia. Haya yote fundi aliyasoma kwenye tarakimu moja chini ya mashine.

Kufuli lenyewe limetengenezwa vizuri mno, na sioni namna ya kumsifu aliyelifungua bila kumpa haki yake aliyelibuni. PlayStation ya kwanza ilitoka Japani tarehe 3 Desemba 1994, ikitumia CD. Data ya gemu haikufichwa. Ungeweza kuinakili yote bila kupoteza hata nukta moja, na nakala yako bado ingekataliwa. Siri ilikuwa kwenye njia. CD ina njia nyembamba ya vishimo inayozunguka kutoka katikati kwenda ukingoni, na lenzi huifuata. Kwenye diski halisi, sehemu ya ndani kabisa kabla gemu haijaanza, njia hiyo ilitikiswa kwa makusudi kiwandani, ikapindapinda kidogo mno, na katika kupinda huko zikaandikwa herufi nne: SCEI kwa Japani, SCEA kwa Marekani, SCEE kwa Ulaya. Lenzi ikitikisika kuifuata njia, mashine inazisoma. Kompyuta ya kuchomea CD haiwezi kuziandika, kwa kuwa inaandika kwenye mfereji ambao diski tupu imekuja nao. Nakala hubeba kila kitu isipokuwa mtikisiko.

Hebu tazama jibu lake. Hakuna aliyejisumbua kutafuta namna ya kuitikisa diski. Waliolifungua kufuli walichukua chipu, kidude cha miguu minane, PIC12C508, kinachouzwa kwa kazi za kawaida kabisa za elektroniki na chenye nafasi ya maagizo 512 tu, wakakijaza programu fupi, wakakilehemu kwenye bodi kwa nyaya chache. Kazi yake ni kutamka herufi zile nne, biti 250 kwa sekunde, kwenye waya uleule ambao mashine huusikiliza. Lenzi inasoma nakala na haipati kitu, lakini mashine imesikia herufi, basi inaendelea. Chipu nyingine zilitamka za nchi zote tatu kwa zamu, na diski ya Japani ikacheza kwenye mashine ya Uingereza mbele ya mtoto wa Nyamongo.

Waliobuni kufuli nao hawakulala. Gemu zilizofuata zikaanza kuweka mtego: zinasikiliza wakati ambapo diski halisi hainyanyui sauti, na zikisikia herufi zinajua kuna chipu, zinagoma. Basi chipu ikafundishwa kunyamaza. Inasema inapotakiwa kusema, mashine ikishakubali inajiondoa kabisa kana kwamba haimo. Napenda sana hatua hiyo.

PS2 ilikuwa kazi ya mkono hasa. Chipu zake zilitaka nyaya nyingi, ishirini hivi kwa baadhi, na mahali pa kulehemu ni miguu ya chipu iliyokaribiana kiasi kwamba tone la lehemu likizidi linaunganisha miwili na bodi inakufa. Nimemkuta fundi wa Nyamongo akiifanya. Kila skrubu aliyoitoa aliilaza juu ya karatasi mahali pake, kufuata umbo la mashine, kwa kuwa hazilingani urefu na ndefu ikiingia pasipo pake inatoboa. Kila waya aliutia lehemu ncha kwanza, peke yake, kisha akaugusisha bodi na chuma cha moto kwa kitambo kifupi sana akaondoa. Alikuwa amebana pumzi. Baada ya kila nyaya chache aliweka mita, akapima, akaendelea. Nyaya alizikata kwa kipimo ili kifuniko kikirudi kisizikandamize. Ndani ya vidude vya zama zile, nyuzi zinazounganisha silikoni na miguu ni za dhahabu, nyembamba kuliko unywele. Kwa hiyo huyu bwana naye alikuwa akifanya kazi ya dhahabu, hatua chache kutoka kwenye mashimo.

Baadhi ya matoleo ya PS2 yalikuwa na maradhi yake: mkondo unaoisukuma lenzi ulizidi, lenzi ikaungua, na mashine iliyochipiwa ikarudi kwa fundi imekufa. Mafundi wa duniani wakapeana kinga, vidude vidogo vya kulehemu kando ya njia ya lenzi. Fundi mwenye haraka anaiacha, maana mteja haioni. Mwenye heshima na kazi yake anaiweka na hata haitaji.

Kisha mwaka 2008 ikaja Free McBoot, na kazi ikahama kutoka kwenye chuma cha lehemu. Programu hii hukaa kwenye memori kadi. Ukiwasha mashine, inasoma kadi na kuingia mlango mwingine, bila kufungua skrubu hata moja. Ukiongeza programu ya kupakia gemu, flashi ikichomekwa mbele inashika nafasi ya diski. Hapo tena ile namba ya chini inarudi kazini, kwa sababu mashine za mwisho za mfululizo wa SCPH-90000 zilizibwa mlango huo, na fundi anakwambia mapema usipoteze hela ya kadi. Ana maelezo mengine pia ya kukupa. Tundu la flashi la PS2 ni la mtindo wa zamani, polepole, ndiyo maana vipande vya video hukwamakwama ingawa mechi yenyewe inakwenda sawa. Na gemu yenye uzito wa zaidi ya gigabaiti 4 lazima ikatwe vipande kabla ya kuwekwa, kwa kuwa mfumo wa flashi hiyo haupokei faili kubwa kuliko hilo.

Kwa vijiji vyetu, faida kubwa ilikuwa lenzi. Vumbi la barabara za huku linaingia popote, na lenzi ndiyo inayotangulia kuchoka. Kwenye uvungu wa vitanda palikuwa na mashine nzima ambazo jicho tu ndilo limekufa, na lenzi nyingine ilikuwa safari ya Mwanza. Free McBoot haikuihitaji lenzi. Mashine zilizokuwa zimezikwa zikafufuka kwa kadi na flashi, na vibanda vya gemu vikaongezeka: benchi, pedi mbili zilizofungwa gundi ya mpira, wanaosubiri ukutani, na sheria inayojulikana na kila mtoto kuwa aliyefungwa anatoka.

Ukitaka kujua gemu za nje zilimaanisha nini, kumbuka Winning Eleven. Ndiyo gemu ileile ya Konami ambayo Ulaya iliitwa Pro Evolution Soccer, ila ya Kijapani, mtangazaji Jon Kabira akipaza sauti kila mpira unapokaribia goli. Watoto waliozaliwa na Kikurya na kusomeshwa kwa Kiswahili walikuwa wanaijua menyu ya Kijapani kwa mahali: chini mara mbili, kulia, ndipo utakapobadilisha kikosi. Bila chipu wasingeiona kamwe, na wenye gemu hawakupoteza mteja yeyote, maana huku hawakuwa wamekuja kuuza.

Najua kuna upande wa pili. Waliotunga gemu ni mafundi pia, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inawalinda hapa nchini. Kuchoma diski mia na kuzipanga barazani ni kula jasho la mtu, na fundi anayefanya hivyo simtetei. Lakini kuifungua mashine ya mtu aliyeinunua kwa hela yake, icheze diski aliyoinunua nchi nyingine, hilo naona ni haki yake. Oktoba 2005 Mahakama Kuu ya Australia iliamua shauri kati ya Sony na Eddy Stevens, mtu wa Sydney aliyekuwa akiuza na kufunga chipu. Majaji wakasema kufuli la PlayStation halizuii kunakili. Linazuia kuchezwa tu, kwa hiyo halikuwa kinga iliyotajwa na sheria yao ya wakati ule. Stevens akashinda. Baadaye nchi hiyo ikaibadili sheria, lakini tofauti waliyoiona majaji haikubadilika: kunakili ni kitu kimoja, kucheza ni kingine.

Na soko bado halijafika. Mei 2024 gemu ya Helldivers 2 iliondolewa kuuzwa kwenye kompyuta katika nchi zaidi ya 170, kwa kuwa mtandao wa PlayStation hautoi huduma huko, na karibu Afrika yote ikamo. Mtu wa Kerende mwenye PS4 na hela mkononi bado anajisajili kwa anwani ya nchi ya watu.

PS4 imeleta swali jipya mezani. Fundi sasa hageuzi mashine. Anaingia kwenye mipangilio na kusoma namba ya programu endeshi. Majira hayohayo ya 2024 ulitolewa upenyo uitwao PPPwn, unaopita kwenye waya wa mtandao, kwa mashine zilizo na toleo la 11.00 kushuka. Ikiwa juu ya hapo, upenyo huo hauingii. Hapo ndipo unapomjua fundi. Wa kubahatisha anachukua hela na mashine, anakaa nayo wiki, anairudisha na visingizio. Wa kweli anaizima, anaikabidhi na waya wake wa umeme, anasema: mdogo wangu, hii kwa sasa haifunguki, iweke, usiiunganishe na intaneti ikajisasisha tena, nikisikia kitu nitakuita. Hadai kitu. Kisha anamwita anayefuata, mwenye simu iliyolowa.